Mshale Mdogo

Kompyuta mpya zilifika siku ya Jumatano, na kuanzia siku hiyo nikawa mtu wa kugombana na kila mtu. Zilikuwa nyembamba, za rangi ya fedha, nzuri kwa kutazama. Bosi alizipanga mezani kwake akazipiga picha. Mimi nikachukua moja, nikaigeuza huku na huku nikitafuta mahali pa kuchomeka kitu. Ubavuni kulikuwa na vitundu viwili vidogo vinavyofanana, basi. Flashi yangu haikuingia. Kipanya changu hakikuingia. Na kebo ya Bibi ndiyo kabisa, ni sawa na kutaka kuingiza kiatu kwenye tundu la kitufe.

Bibi ni mashine yetu ya kupimia ardhi. Anasimama juu ya miguu mitatu, ana jicho moja la kioo, rangi yake ya njano imebanduka, na yupo ofisini tangu kabla Bosi hajawa bosi. Kila pointi tunayopima anaitunza tumboni mwake. Tukirudi tunaimimina kwenye kompyuta kwa kebo nene yenye kichwa kipana cha matundu tisa. Kompyuta pekee iliyobaki na pini tisa za kupokea kichwa hicho ilikuwa yangu, nyeusi, nzito, ambayo Bosi aliiita tofali.

"Hayo madude yote yanaondoka Ijumaa," Bosi alisema. "Nimeahidi shule. Mwalimu mkuu ameshaandaa hafla, na mpiga picha anakuja."

"Na kazi za miaka kumi na moja zilizomo ndani?"

"Mtaalamu atazihamisha."

Mtaalamu ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Kazi hiyo nilimtafutia mimi mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Ni mtu mpole, shati lake limenyooka tangu asubuhi mpaka jioni, na upole wake hunipandisha mori kuliko ujeuri wa mtu mwingine. Ukimfokea anakujibu "sawa, Dada" kwa sauti ileile anayoombea chumvi mezani.

Alhamisi asubuhi akaanza. Alichomeka flashi kwenye kompyuta moja ya zamani, akanakili kila kilichokuwa kwenye ukurasa wa mbele, akafungua kimoja kimoja, akaweka tiki kwenye orodha, akahamia nyingine. Mchana akaja mezani kwangu na fomu.

"Dada, kuna kitu. Flashi haiingii kwenye hizi mpya. Adapta nimeagiza, inafika Jumatatu. Ningependa tusubiri, tufungue faili kwenye mashine mpya kwanza, ndipo tufute za zamani."

"Kwani hujazifungua?"

"Nimezifungua zote kutoka kwenye flashi, ila hukohuko kwenye mashine za zamani. Zinafunguka."

"Sasa kama zinafunguka unataka nini tena? Ziimbe?"

"Ningependa tu..."

"Ningependa, ningependa! Bosi ananipigia simu kila nusu saa, nje nina watu wanasubiri kupimiwa, na wewe unanisimamia hapa kama mkuki. Lete kalamu."

Fomu ilikuwa na mistari miwili chini: aliyenakili na aliyehakiki. Kwenye wa kwanza alikuwa ameshaandika yeye. Kwenye wa pili nikaandika mimi, bila kuketi.

"Sawa, Dada," alisema.

Ijumaa kompyuta zikafutwa, zikafungwa utepe, zikaenda shuleni. Bosi alitokea vizuri kwenye picha.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Mama Pindo amekaa kwenye benchi la wageni. Ni fundi cherehani, na jina hilo amepewa na wateja kwa sababu hawezi kuongea na mtu bila kutazama pindo la nguo yake. Nyumba yake ni vyumba vitatu, na kile cha mbele ndicho anachoshonea. Jirani yake ni mkandarasi anayejenga ghorofa. Mwezi uliopita tingatinga la mkandarasi lilipita usiku mmoja likang'oa mawe yote manne ya mpaka wa Mama Pindo, na kulipopambazuka mkandarasi akatangaza kwamba mpaka unapita katikati ya chumba cha cherehani. Baraza la ardhi lingekaa Alhamisi saa tatu. Asipokuwa na ushahidi, chumba kinabomolewa.

"Nimekuja kuchukua namba zangu," alisema.

Karatasi aliyokuwa nayo ilikuwa mchoro tu: umbo la kiwanja, jina lake, muhuri wetu. Namba za kila kona, ambazo mpimaji yeyote akizifuata anarudi palepale jiwe lilipokuwa, tulibaki nazo sisi. Serikalini michoro ya mtaa ule ilikuwa bado kwenye foleni, na namba hupelekwa mchoro ukishapita. Mimi mwenyewe nilimweleza hivyo siku ya kumpimia, miaka mitatu nyuma, akiwa ameshika kitasa cha lango na wasiwasi umemjaa. Nilimwambia ninachowaambia wateja wangu wote. Nilimwambia, "Mama, jiwe linang'oka. Kompyuta haisahau." Nayapenda maneno hayo. Napenda mabega ya watu yanavyoshuka wakiyasikia.

"Kaa hapo," nikamwambia. "Ni dakika mbili."

Adapta ilikuwa imefika. Shemeji aliichomeka, akachomeka flashi, majina ya kazi yakajitokeza yote, safu kwa safu. Nikaliona jina la Mama Pindo. Nikabofya.

Kompyuta ikaniambia kwamba kitu ninachokitafuta hakipo.

Nikabofya tena. Nikabofya kazi nyingine, na nyingine. Hakipo. Hakipo. Ndipo nilipouona mshale. Kila faili ilikuwa na mshale mdogo pembeni, chini kushoto, mdogo kiasi kwamba mtu anaweza kuishi nao miaka kumi asiutazame.

Hapo niseme ukweli wa ofisi yetu. Programu ya upimaji huzika kazi ndani kabisa ya kompyuta, folda ndani ya folda. Bosi alikuwa akipotea humo kila akitafuta kitu, na kila akipotea ananiita. Ili nipumzike, nikamwekea njia za mkato ukurasa wa mbele: unabofya, inakupeleka. Wenzangu wakaiga. Tukazizoea mpaka tukaziita faili. Shemeji, ambaye hajawahi kupima hata kibaraza, alinakili hizo njia akidhani ndio mzigo. Na alipozifungua kwenye mashine za zamani zilifunguka kweli, kwa sababu mzigo wenyewe ulikuwa bado umo ndani ya mashine ileile. Nilitazama ukubwa wa flashi nzima. Miaka kumi na moja ya jua na matope yetu haikufikia uzito wa picha moja ya simu.

Niliinuka na kiti kikaanguka.

"Umenakili nini wewe? Eti mtaalamu! Mtaalamu wa nini? Mtoto wa chekechea angeuona huu mshale! Watu mia mbili! Umefuta mipaka ya watu mia mbili halafu umesimama hapo na shati lako!"

"Dada, nilitaka tusubiri adapta..."

"Usinitajie adapta!"

Nilimpa vidonge vyake vyote, vya siku hiyo na vya miaka iliyopita. Nilimtajia hata harusi yao. Akawa ametazama sakafu. Mama Pindo alikuwa mlangoni amesimama, mkoba kifuani. Alipoondoka aliniambia tu, "Alhamisi saa tatu."

Jumanne tukaenda shuleni, mimi na shemeji. Tofali langu tulilikuta chumba cha walimu, juu ya meza ya mwalimu wa hesabu, alama za wanafunzi zimejaa kwenye kioo. Shemeji alikuwa na programu ya kufufua vilivyofutwa. Akaiendesha tangu asubuhi. Mimi nikakaa kwenye kiti cha mbao nikihesabu asilimia zinavyopanda. Kwa kawaida, aliniambia, ukifuta faili kompyuta inalisahau jina tu, mwili wake unabaki mpaka kiandikwe kitu juu yake.

"Basi miili iko wapi?"

Akaacha kutazama kioo. "Fomu ilitaka zifutwe kabisa. Nilipitisha mara tatu."

Mara tatu! Yaani siku moja tu aliyotakiwa kuwa mzembe, akawa makini. Nilitoka nje nisije nikamtia mkono mume wa mdogo wangu mbele ya walimu. Nilizunguka uwanja wa shule mara nne. Nilimchukia yeye, nikamchukia Bosi na picha zake, nikawachukia wale waliokaa mahali na meza zao safi wakaamua kwamba kompyuta haihitaji matundu. Nani aliwaomba? Mtu akitaka wembamba anunue uzi.

Jumatano asubuhi nilikuwa uani ofisini bado nafoka. Msikilizaji wangu alikuwa Fimbo, mzee wetu anayeshika fimbo ya kupimia huko kwenye viwanja, miaka mingi kuliko mimi. Alikuwa amechuchumaa anafuta matope kwenye miguu ya Bibi.

"Na huyu naye ni mtupu," nikasema. "Angalau ningekuwa mvivu! Lakini hapana, kila Ijumaa tumbo lake lisafishwe. Kila Ijumaa nakuuliza, umefuta? Unaniambia tayari. Leo ningekuwa na hizo pointi."

Fimbo aliendelea kufuta mguu uleule uliokwisha kung'aa.

"Sijafuta," alisema.

"Hujafuta nini?"

"Chochote. Miaka yote hii."

"Lakini unaniambia tayari!"

"Nakuambia tayari ili uninyamazie." Akainuka taratibu, goti moja kwanza. "Unakumbuka mwaka ule nilibonyeza kitufe cha kufuta pointi zikiwa bado hazijashuka? Ulinitukana mbele ya wateja. Mbele ya mkwe wangu, maana siku ile tulikuwa kwenye kiwanja cha mkwe wangu. Nikasema, kitufe hiki sikigusi tena mpaka nastaafu. Na ukitaka kugomba, gomba."

Nikamwasha Bibi. Kioo chake kidogo kikachukua muda wake kama kawaida, kisha kikaonyesha kazi kwa tarehe. Ilikuwa imebaki nafasi ya pointi mia na kitu. Nikashuka chini, chini, mpaka nikalikuta jina la Mama Pindo na tarehe yake. Nikashuka mpaka mwisho kabisa. Kazi ya kwanza ilikuwa ya miaka minne nyuma, Bibi aliporudi kutoka matengenezoni na tumbo jipya. Ya kabla ya hapo hakuwa nayo. Sikuyafikiria ya kabla ya hapo. Nilimwita shemeji kwa sauti iliyowatoa watu ofisini.

Pointi zilikuwa ndani ya Bibi, na kebo tulikuwa nayo, kichwa kipana cha matundu tisa. Tukasimama sote watatu tumezizunguka kompyuta mpya, tunavitazama vile vitundu viwili. Hakuna aliyecheka.

"Shuleni," shemeji akasema.

Mwalimu wa hesabu alituona tukiingia na mashine yenye miguu mitatu katikati ya mapumziko, akafunga alama zake bila kuuliza. Shemeji akaweka programu ya kupokea kwa flashi, kwani lile tofali lina matundu ya kila aina. Kebo ikaingia, ikakaza. Akauliza mwendo wa Bibi wa kutuma pointi ni namba ngapi, nikamtajia, akaandika. Nikabonyeza. Kwa muda hakikutokea kitu, na mimi nikaanza kuvuta pumzi ya kufoka. Kisha namba zikaanza kushuka, mstari baada ya mstari, polepole, za miaka minne.

Tuliporudi ofisini nilinyoosha mkono kuchukua flashi nimkimbizie Mama Pindo. Shemeji akaizuia.

"Subiri, Dada."

Alinakili kila kitu kwenye kompyuta mpya. Akachomoa flashi, akaichomoa na adapta, akaziweka mbali, mwisho wa meza. Akazima kompyuta. Akaiwasha. Akafungua faili, na kona nne za Mama Pindo zikatokea, kila moja na namba zake. Akachapa. Ndipo alipovuta fomu mpya kutoka kwenye mfuko wa shati lake.

"Sasa hivi ndiyo unahakiki," alisema.

"Sawa, Shemeji," nikasema. Nikaketi, nikasoma kila mstari, nikasaini.

Baraza lilikaa kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki. Mkandarasi alikuja na mpimaji wake, kijana wa suti ya bluu, na mara tu nilipotoa zile namba yule kijana akasimama. Akasema hizi ni namba mbichi kutoka kwenye mashine, ofisi makini huleta faili iliyohakikiwa, iko wapi? Mwenyekiti wa baraza, mama mwenye miwani myembamba, akanigeukia.

"Iko wapi?"

"Ilipotea tulipobadilisha kompyuta."

"Ilipoteaje?"

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, matundu, flashi, mshale. Nilikuwa nimejiandaa usiku wote, na katika maelezo yangu kulikuwa na mtu mmoja mwenye makosa, amevaa shati lililonyooka. Naye alikuwa amekaa nyuma yangu, na fomu ile ya kwanza ilikuwa kwenye faili mbele ya mwenyekiti, Bosi ndiye aliyeituma.

"Naona aliyenakili," mwenyekiti alisema. "Kazi yake ilikuwa kunakili. Na huyu aliyehakiki kwamba kilichonakiliwa ni chenyewe, ni nani? Saini haisomeki."

Sikuwa na kiti cha kuangusha safari hii.

"Ni mimi."

"Ulihakiki vipi?"

"Sikuhakiki. Aliniomba tusubiri siku nne, nikamfokea, nikasaini."

Yule kijana wa suti akatabasamu. Mwenyekiti aliandika kwa muda mrefu, kisha akasema, kama mtu anayejisemea mwenyewe, kwamba namba mbichi zina tarehe ya mashine, na mashine haina ugomvi na mtu. Akaamuru twende kwenye kiwanja mchana huohuo, sote, tukazifuate.

Tukazifuata. Mimi nikimwelekeza kwa jicho la Bibi, Fimbo akasogea kulia, akarudi nyuma, akasogea hatua moja, akasimama. Kona ya Mama Pindo ilikuwa ndani ya msingi wa mkandarasi, hatua mbili nzima ndani ya zege lake. Chumba cha cherehani kilikuwa salama na nafasi ya kupanda maua. Mkandarasi aliruka kimanga, akataka Bibi apimwe macho, lakini mwenyekiti alishaandika.

Nilingoja Mama Pindo anishukuru. Nakiri, niliingoja shukrani yenyewe. Yeye alikuwa akitazama pindo la suruali yangu.

"Umesema mashine inakumbuka miaka minne," alisema.

"Ndiyo."

"Na kule kwenu ulifoka kwamba mipaka ni ya watu mia mbili. Wa kabla ya miaka minne ni wangapi?"

"Wengi."

"Huyu jirani yangu wa nyuma, muuza mkaa. Mlimpima mwaka mmoja kabla sijahamia. Ni miaka sita sasa. Wake umo?"

Nikatikisa kichwa. Tingatinga la mkandarasi lilikuwa limeegeshwa palepale, mdomo wake umeelekea ukuta wa nyuma. Uso wa Mama Pindo ulibadilika, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nikaona kwamba mwanamke huyu alikuwa na hasira muda wote, ila yeye huikunja na kuishonea kwa ndani.

"Leo umeongea vizuri kule barazani," alisema. "Uliongea kwa sababu uliulizwa. Twende sasa kwa ambaye hajakuuliza."

Muuza mkaa alitupokea kwa shangwe. Alinawa mikono mpaka viwiko ndipo akanipa mkono. "Mpimaji wangu! Karibu, karibu ndani!" Sebuleni, ukutani, juu ya kochi, kulikuwa na mchoro wetu ndani ya fremu ya kioo, muhuri umefifia kidogo. Akanionyesha kama mtu anavyoonyesha picha ya mtoto aliyehitimu.

Nikapata tumaini. Kama mawe yake yapo, naweza kumleta Bibi kesho asubuhi na kupima upya, na yote yakaisha.

"Mawe yako ya mpaka," nikamwuliza, "yapo?"

"Yapo! Njoo uone."

Akatupeleka uani. Pipa la maji lilikuwa limekaa pembeni mwa jiko, limeinuliwa vizuri kutoka ardhini, juu ya mawe manne ya zege, kila moja na msumari wetu katikati.

"Yalikuwa yanakwaza mkokoteni," alisema huku akilipiga pipa kofi la upendo. "Mwaka juzi nikayang'oa mwenyewe. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Si wewe uliniambia kompyuta haisahau?"

Mama Pindo alikunja mikono, akanitazama.

"Mwambie," alisema.